Milango sita, ndoo moja

Wadau, kimya changu cha wiki mbili kina sababu, na leo naimwaga yote hapa. Wale mliozoea kunisoma nikilia na foleni ya Shekilango, leo mnivumilie. Nataka kuzungumzia seva. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini someni hadi mwisho, kwa sababu mimi nilikuwa kama nyinyi mpaka simu ilipoita.

Ilikuwa Jumanne, nipo chumba cha habari nahangaika na stori ya maji, namba ngeni ikaingia. Sauti ya mzee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Kijana wangu, mimi nauza saruji na nondo. Sasa kuna binti ananiandikia mambo ya ofisini kwao, na mwanzo kabisa wa barua ametaja jina lako. Nikaona nisiifute kabla sijakuuliza."

Namba yangu alipewa na fundi aliyetutengenezea tovuti sote wawili. Akaanza kunisomea. Kufika mstari wa tatu nikainuka kwenye kiti, nikatoka nje kwenye korido. Binti alikuwa anaeleza jinsi manunuzi ya ofisi yao yanavyolipwa mara mbili. Kamtaja bosi. Kataja tarehe. Na chini kabisa kaweka jina lake kamili na namba ya simu, kwa sababu juu ya fomu ya kwenye ukurasa wangu pameandikwa kwamba taarifa hizi zitasomwa na mwandishi peke yake. Sentensi hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Nikamuuliza mzee kama ni barua hiyo tu. "Zilikuwepo nyingine miezi ya nyuma," akasema. "Nikajua ni wale jamaa wa tuma kwenye namba hii, nikafuta."

Basi bwana, jioni hiyo hiyo nikaenda kwa fundi, Sinza Mori, ghorofani juu ya saluni. Simtaji jina, na msiniulize kwenye simu. Ni kijana mwenzetu, kamaliza chuo nyuma yangu kidogo, mchapakazi, na anatoza bei ambayo mwandishi wa gazeti anaweza kuilipa bila kukopa. Kwenye seva moja ana wateja sita: mimi, mzee wa saruji, shule ya chekechea, ukumbi wa harusi, kwaya na dalali wa viwanja. Kila mmoja ana domeini yake, rangi zake na nembo yake. Seva yenyewe ni mashine ya kukodi iliyoko Ujerumani, na ndani yake kaweka Windows kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Tukajaribu fomu yangu. Mara ya kwanza barua ikaja kwangu. Mara ya pili kwangu. Tukajaribu mara kumi, zote zikaja kwangu. "Unaona kaka?" akaniambia. "Mfumo uko safi. Huyo dada atakuwa alikosea." Nikamwambia mdogo wangu, mtu hawezi kukosea anwani ambayo hakuiandika yeye. Fomu haimuulizi anakotuma. Hapo akanyamaza, akavuta kiti. Na hili namsifia, kwa sababu wengi wangenifukuza: alikaa mpaka saa sita usiku akalipata.

Sasa nijaribu kuwaeleza alichokipata, kwa lugha ya sisi tuliosoma HKL.

Programu yoyote ya tovuti ina vigeu. Kigeu ni kisanduku chenye jina, na ndani yake kuna thamani inayoweza kubadilika. Kuna kisanduku kinachoitwa jina la tovuti, kingine neno la siri la hifadhidata, kingine anwani ya kupokelea barua. Fundi alijenga tovuti moja vizuri, halafu akaikopi mara tano kwa wateja waliofuata. Ndiyo maana visanduku vya tovuti zote sita vina majina yale yale. Kwangu kipo cha anwani ya barua, na kwa mzee wa saruji kipo kile kile chenye jina lile lile, ila thamani ni tofauti. Tofauti hizo zinakaa kwenye faili la mipangilio, kila tovuti na faili lake. Mpaka hapo hakuna kosa.

Kosa linaanza mtu anapobisha hodi. Programu inasoma faili lake na kumimina thamani zile kwenye mazingira ya Apache inayoendesha tovuti zote. Kwenye Windows, Apache inahudumia wageni wote ndani ya mchakato mmoja, kila mgeni na uzi wake, lakini mazingira ni ya mchakato mzima. Wageni wa saruji na wageni wangu wanatumia mazingira yale yale kwa wakati mmoja. Tena kuna kanuni moja inayozidi kuharibu: ukikuta kisanduku chenye jina hilo kimeshajazwa, usikiguse, tumia kilichomo.

Niwape mfano wa nyumbani kwangu. Nimepanga Sinza Kijiweni, nyumba ya vyumba sita, bafu moja uani na ndoo moja mlangoni pake. Saa kumi na moja alfajiri jirani kajaza maji yake, karudi chumbani kufuata taulo. Mimi nafika, nakuta ndoo imejaa, naingia nayo. Siku moja nimeoga maji ya mwarobaini yaliyoandaliwa kwa mtoto mwenye tetekuwanga. Nilijigundua kwenye daladala, watu wananisogelea mbali. Lakini siku ya mapumziko, nikienda kuoga saa nne asubuhi wote wakiwa kazini, naweza kuapa kwamba ndoo ile haijawahi kuwa na maji ya mtu mwingine. Ndicho kilichotokea kwenye jaribio letu. Usiku ule tulikuwa peke yetu uani. Binti aliandika mchana, saa ambazo mafundi ujenzi wanaulizia bei ya nondo.

Hitilafu ya namna hii inaniogopesha kuliko ile ya tovuti kuzimika. Tovuti ikizimika, unaambiwa ndani ya dakika tano. Hii haizimi kitu. Aliyetuma anaona maneno ya kijani: asante, ujumbe wako umefika. Na kweli umefika.

Wengi wetu tunadhani domeini ndiyo ukuta. Nikiwa na jina langu linaloishia na co.tz na wewe una lako, basi tumetengana. Kwa upande wa kivinjari ni kweli. Kuna orodha inayotunzwa na Mozilla inayoviambia vivinjari kwamba co.tz, or.tz, go.tz na wenzake si nyumba ya mtu bali ni mtaa, kwa hiyo tovuti moja ya co.tz haiwezi kuweka kuki ya kusomwa na co.tz zote. Hapo tumelindwa bila hata kujua. Na wanaosimamia majina ya .tz, kazi yao ni kuhakikisha jina halina wenyewe wawili.

Lakini jina ni kibao cha mlangoni tu. Tangu HTTP 1.1 ilipotoka mwaka 1997, kivinjari kikibisha hodi kinataja jina la tovuti kinayoitaka, ndiyo maana mashine moja yenye anwani moja ya namba inaweza kubeba mamia ya tovuti. Ni kama zile fremu za Shekilango. Kwa mbele unaona duka la simu, duka la dawa, wakala wa pesa, kila moja na bango lake. Ukizunguka nyuma unakuta stoo ni moja na ufunguo unaninginia kwenye msumari. Ukuta wa ndani haujengwi na domeini. Unajengwa na fundi, au haujengwi kabisa.

Fundi alipoona nimeanza kuelewa akanionyesha jambo la pili, na hili ndilo lililoniondolea usingizi. Ukiingia kwenye tovuti kwa neno lako la siri, seva inakupa namba ndefu kama tiketi ya foleni, inakaa kwenye kuki yako. Seva nayo inabaki na kijikaratasi chenye namba hiyo kinachosema mwenye tiketi hii ni mtumiaji fulani. Kwenye PHP, usipobadilisha mpangilio, vijikaratasi vya tovuti zote za seva hutupwa kwenye folda moja, na kijikaratasi hakisemi kimetoka kwenye domeini ipi. Blogu yangu ya majaribio na ukurasa wa majaribio wa ukumbi wa harusi zimejengwa hivyo, kwa mtindo wa zamani. Fundi akaniambia niingie kwangu kama mwenye blogu. Mimi ni mtumiaji namba 1. Akachukua tiketi yangu, akaibandika kwa mkono kwenye ukurasa wa ukumbi. Ukumbi ukatafuta kwenye folda, ukakuta kijikaratasi: huyu ni namba 1. Na namba 1 wa ukumbi ni meneja wake. Nikawa meneja. Haikuchukua dakika mbili, na wala mimi si mtaalamu wa kitu chochote zaidi ya kuhesabu maneno.

Wenye ukumbi halisi wangekuwa humo na orodha za wateja, namba zao za simu na nani kalipa nusu. Chekechea wana majina ya watoto.

Sasa nitoe dukuduku langu. Miaka ya karibuni tumepigia kelele sana serikali kuhusu faragha mtandaoni, na nitaendelea kupiga. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 akafikishwa mahakamani, na miongoni mwa yaliyokuwa yakibishaniwa ni yeye kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kesi zile ziliburuzwa kwa miaka. Kila mwandishi wa umri wangu anazijua, tulizijadili chuoni, tukaapa kwamba na sisi tutasimama hivyo hivyo siku tukiulizwa majina ya vyanzo vyetu. Mimi sikuulizwa na polisi. Hakuna aliyekuja na hati. Nilimtoa chanzo wangu mwenyewe, nikampeleka kwa muuza saruji, kwa sababu ya kisanduku kimoja chenye jina lililofanana na kingine.

Na bahati yangu ni mzee yule. Angekuwa mtu mwingine angeipiga picha barua ile na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Au ofisi ya binti ingekuwa mteja wake wa nondo. Dar es Salaam ni kubwa, lakini wanaojuana ni wengi.

Fundi alijitetea kwa hoja moja nzito. "Kaka, mteja akija hapa anauliza vitu viwili: bei gani na itaisha lini. Nikimwambia nikutenganishie kwa hela ya ziada, anaenda kwa jirani." Nikatafuta jibu nikalikosa, maana na mimi nilipokuja kwake niliuliza bei gani na itaisha lini. Nikaongeza na swali la rangi ya kichwa cha habari. Mwandishi mzima, ninayeishi kwa kuuliza maswali, sikuuliza nimepangishwa na nani wala ukuta wetu ukoje.

Ila hoja yake inanikumbusha wenye nyumba wanaokataa kuweka mita ndogo kwa kila chumba kisha wanatuachia tugombane kwenye LUKU moja. Gharama haipotei, inahamia kwa aliye dhaifu. Sisi wapangaji tulishaonja hilo tena mwaka 2021, kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme, wengi tukajikuta tunalipia kodi ya nyumba ambayo si yetu. Kwenye seva aliye dhaifu si mimi wala fundi. Ni yule aliyejaza fomu.

Na gharama yenyewe si ya kutisha. Programu nyingi za siku hizi, Laravel ikiwemo, zinaelekeza kwamba ukishaweka tovuti hewani ukusanye mipangilio yake mapema kwenye faili moja lililoandaliwa tayari, ili isiwe inamiminwa upya kwenye mazingira kila mgeni anapokuja. Ni amri ya mstari mmoja. Folda ya vijikaratasi vya tiketi inabadilishwa kwa mstari mwingine. Ukihamia Linux, ile PHP-FPM iliyoingizwa kwenye PHP mwaka 2010 inakuwezesha kumpa kila mteja bwawa lake la michakato na mtumiaji wake wa mfumo, hivyo programu ya kwaya hata ikitaka kusoma faili la chekechea inakataliwa mlangoni. Hifadhidata kila mmoja yake, na neno la siri lake. Kache inayotumiwa na wote, weka kiambishi cha jina la tovuti mbele ya kila kisanduku. WordPress wenyewe wanaruhusu kuweka chumvi ya namna hiyo kwenye faili la mipangilio. Hizi ni kazi za siku mbili kwa wateja sita. Na watengenezaji wa XAMPP, kile kifurushi ambacho nusu ya vijana wetu wanakifunga kwenye mashine wakaita seva, wamesema wazi kwamba ni cha kujifunzia na kutengenezea, si cha kuweka hewani.

Msidhani ni Windows pekee. Kuna mchezo mwingine maarufu hapa mjini: kijana ananunua akaunti moja kwenye kampuni ya kupangisha tovuti, kisha anaweka wateja kumi humo kama domeini za nyongeza. Kampuni imetenganisha akaunti na akaunti, imefanya yake. Lakini wale kumi wako ndani ya akaunti moja, chini ya mtumiaji mmoja. WordPress ya mmoja ikipenywa kwa programu-jalizi iliyochakaa, mwizi anasoma maneno ya siri ya wote kumi. Halafu tunasema tumerogwa.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya na anayechakata taarifa za watu azilinde. Nilimuuliza fundi kama anajua kwamba yeye ni mchakataji. Akacheka, akadhani namtania. Mimi kama mkusanyaji sikucheka. Kwenye ile stori ya binti, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni mimi mwenye fomu, na kusema kosa ni la fundi hakutanifikisha mbali. Sitaki hata sheria initishe ndipo nifanye. Lakini ningependa kuona vijana wanaouza huduma hii wanaandika kwenye ankara zao, kwa Kiswahili cha kueleweka: tovuti yako iko peke yake au iko na wengine, na kama iko na wengine mnachangia nini. Mwenye nyumba wa Sinza hukuambia kabla hujalipa kodi ya miezi sita kwamba choo ni cha kuchangia. Kwenye seva tunagundua tukiwa tumeshaingia.

Hali ilivyo sasa ni hii. Fomu yangu nimeifunga, na kurasa zangu nimezihamishia kwenye mashine nyingine ambako niko peke yangu, bei imepanda mara tatu na nimeacha kunywa soda. Fundi kawatenganisha wateja watatu. Mwenye ukumbi alilipa baada ya kuonyeshwa lile jaribio la tiketi, chekechea walilipa bila kuuliza, na mzee wa saruji alitenganishiwa bure kama shukrani. Kwaya wanasubiri kikao. Dalali wa viwanja kasema yeye hana siri.

Binti nilimpigia siku ile ile nikamweleza kila kitu, pamoja na jina la biashara barua yake ilikofikia, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule mzee ameifuta. Nikasema ameifuta, mimi mwenyewe nilikwenda dukani kwake nikaona akifuta. Akasema asante, akakata simu. Stori ya malipo mara mbili bado iko kwenye daftari langu, na ninavyoijua ni stori kubwa, lakini haitaandikwa mpaka yeye aseme. Wale wengine ambao barua zao zilifutwa miezi ya nyuma siwajui. Kama uliniandikia kupitia fomu ile tangu mwaka jana ukaona nimekupuuza, sikukupuuza. Nitafute kwa njia nyingine, tukutane uso kwa uso, chagua wewe mahali.